Kichwa cha Fundi Funguo

Tangu kinyozi aanze kazi, hakuna mteja aliyewahi kumkatalia neno akiwa kitini. Ukimwambia mtu ainame, anainama. Ukimwambia afumbe macho, anafumba, na wembe uko shingoni. Ndiyo maana siku aliyohitaji mate ya mtu mwingine hakuona ugumu.

Mate yalitakiwa na binti wa marehemu kaka yake. Binti huyo alikuwa mpima ardhi, mtu asiyepata usingizi akijua kuna mpaka usio na mwanzo, na sasa ugonjwa huo alikuwa ameuhamishia kwenye ukoo. Alikwishapekua majalada ya vizazi na vifo mpaka makarani wakaanza kumwekea kiti. Alikwishapeleka maabara mate yake mwenyewe. Lakini ukoo wa babu, alieleza, hufuatwa vizuri zaidi kwa mwanamume, na mwanamume aliyebaki alikuwa mmoja tu. Akamwachia kinyozi kijiti chenye pamba ndani ya kichupa, akamwonyesha namna ya kujisugua ndani ya shavu, akaenda zake akiwa na furaha.

Tatizo ni kwamba kinyozi hakuwa wa ukoo huo. Mama aliyemlea alimweleza hayo akiwa mgonjwa, taratibu, kama mtu anayeelekeza mahali alipoweka sindano: mpangaji wa chumba cha nyuma alimzaa, akaondoka, hakurudi. Kaka hakuambiwa. Kinyozi alilipokea jambo hilo, akalikunja, akaliweka. Kaka alipofariki, yeye ndiye aliyempeleka binti shule, na mpaka leo binti akiingia kibandani husema, "Shikamoo, Baba Mdogo." Kinyozi hakuwa na mke wala mtoto. Alichokuwa nacho ni jina hilo, na kile kijiti kilikuja kulichukua.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kinyozi alikuwa na kipara. Aliwaza kwa njia pekee aliyoijua, kwamba watu wa damu moja hujulikana kwa vichwa. Na alikuwa na mteja wa Jumamosi, fundi funguo wa mtaa wa pili, ambaye kichwa chake kilifanana na cha marehemu kaka hata kinyozi akawa anakinyoa kwa heshima. Nundu ileile nyuma ya sikio la kulia. Nywele za utosini zinazozunguka kinyume na za watu wengine. Kisogo bapa. Kinyozi aliona kwamba kama kichwa hiki kingeweza kumdanganya yeye, aliyeshika vichwa maisha yake yote, basi mashine ambayo haijawahi kunyoa hata mtu mmoja isingefurukuta.

Jumamosi akamweleza fundi funguo mambo yote, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuiba, kisha akamwomba amkopeshe mate.

"Yanarudishwa?"

"Hapana."

"Basi usiseme kukopa," akasema fundi funguo, akafungua mdomo.

Majibu yalipotoka, binti alikuja nayo mwenyewe. Alimkalisha kinyozi kwenye kiti cha wateja. Kinyozi hajinyoi, na siku hiyo ndipo alipojua kiti chake ni kigumu kiasi gani.

Binti alisema polepole. Mashine ilionyesha kwamba mwenye mate yale ni ndugu wa baba yake kwa mzazi mmoja. Majalada ya hospitali yalionyesha kwamba Bibi alizaa mara moja tu. Kwa hiyo mzazi huyo alikuwa Babu, ambaye kazi yake ya kutengeneza pampu za maji ilimzungusha miji mingi. Alimpata kinyozi huko nje, na Bibi akamlea bila kunung'unika. Hapo binti alifuta machozi kwa ajili ya moyo wa Bibi.

"Pole, Baba Mdogo," alisema. "Lakini wewe ni damu yetu."

Kinyozi akashukuru. Alikuwa amepata alichotaka, na nyongeza juu. Ila kila alipojaribu kufurahi, alikumbuka hadithi ambayo fundi funguo alikuwa akiisimulia kitini miaka nenda miaka rudi, na ambayo yeye aliisikia kama vinyozi wanavyosikia: kwamba hakumjua baba yake, aliambiwa tu kuwa alikuja kutengeneza pampu ya mji, akaitengeneza vizuri, akaenda.

Jumamosi iliyofuata fundi funguo alikuwa amenyolewa upande mmoja binti alipoingia na mti wa ukoo alioamua kuutundika ukutani. Alikuwa ameuchora kama ramani ya viwanja, kwa rula. Chini ya Babu, kando ya baba yake, palikuwa na kinyozi.

Kinyozi akazima mashine ya kunyolea.

"Njoo ushike hapa," akamwambia binti, akampeleka mkono nyuma ya sikio la fundi funguo.

Alipokuwa mdogo, binti alikuwa akimchana baba yake nywele kila Ijumaa. Vidole vilifika kwenye nundu, vikatulia.

"Kuna jipu?" akauliza fundi funguo.

"Mate yalikuwa ya huyu," kinyozi akasema. "Mimi ni wa mpangaji wa chumba cha nyuma."

Binti akamuuliza fundi funguo alizaliwa mwaka gani, akaambiwa, akatoa penseli na kifutio. Kinyozi alikitazama kifutio tu.

"Huyu alimtangulia baba," binti akasema, akiandika. "Basi ni Baba Mkubwa."

"Na mimi?" Kinyozi aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

"Baba Mdogo tunaye tayari." Akafuta mstari uliokuwa ukimuunganisha kinyozi na Babu, na mahali pake akapanga nukta, moja baada ya nyingine, mpaka zikafika. "Ila nikikuchorea mstari mzima nitakuwa nimeandika uongo."

"Nukta maana yake nini?"

"Kwenye ramani zetu? Njia ambayo haijasajiliwa," akasema. "Lakini watu wanapita kila siku."

Kinyozi akaitazama njia hiyo kwa muda.

"Upande huu mwingine," akasema Baba Mkubwa, "nao ni wa ukoo."

Kinyozi akawasha mashine, akamwambia ainame.