Majani Juu ya Kitalu

Mwaka tuliohamishiwa kijijini hatukuwa bado na jiko. Tulipikia ndani ya kibanda cha nyasi, na humo moto ulimshika Agustina, mjukuu wangu wa miaka minne, ukamuunguza kifua chote na kwapa la kushoto. Dereva wa lori la kijiji alishusha magunia ya mbolea kando ya barabara ili mtoto apate mahali pa kulala tukimpeleka hospitali ya misheni. Sijamsahau.

Agustina ni mtoto wa Bhoke, na Bhoke ni mke wangu. Kwetu Wakurya, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto atakaowazaa ni wajukuu wa nyumba yake. Mimi sikuzaa kabisa. Mwanamume wa Bhoke ni Kornelio wa ng'ambo ya mto, lakini watoto ni wangu.

Daktari wa misheni alisema kidonda ni kipana mno. Maji ya mwili yangekwisha kabla ngozi haijarudi. Angepanda vipande vidogo vya ngozi kutoka mgongoni kwa mtoto mwenyewe, ila alihitaji ngozi ya mtu mzima ya kuvifunika. Bhoke alikuwa na mimba kubwa, wakamkataa. Nikasema wachukue yangu.

Nesi Mwantumu, binti wa mjini Tarime, alinieleza kwa lugha ya shamba.

"Bibi, si unaotesha kahawa? Ngozi yako ni majani ya mgomba juu ya kitalu. Mbegu ni za mtoto mwenyewe, nyingine zimebaki kwenye mashina ya vinyweleo. Wewe unazikinga jua tu."

Walinichuna pajani, ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu. Nilipozinduka nilikuta Mwantumu amenifunika khanga yake, kwa kuwa blanketi la wodi lilikwaruza.

Ngozi ikashika. Agustina akaanza kuomba ndizi. Nilimtazama kifuani nikawaza kwamba sasa amekuwa wangu hata kwa mwili, na furaha ile ikanisahaulisha habari ya majani.

Wiki ya tatu ngozi yangu ikawa nyeusi pembeni, ikaanza kubanduka. Homa ikapanda. Siku hiyo hiyo akaja Kornelio. Alinipa shikamoo, akasimama akitazama vipande ndani ya beseni.

"Mwili umekataa, mama," akasema. "Damu si ng'ombe. Haihami kwa mahari."

Mwantumu hakuinua macho. "Hata ya mama yake ingebanduka. Hata yako. Kama huamini, panda kitanda kile nikuchune kidogo."

Wagonjwa wakacheka. Kornelio alisema anakwenda kwa Bhoke, aliyekuwa amejifungua kijijini, amwambie kwamba mtoto akipona atarudi kwa wenye damu yake.

"Kitalu hakiachwi na majani mpaka kahawa izae, bibi," Mwantumu aliniambia Kornelio alipoondoka. Nilimsikia. Lakini moyoni aliyekuwa akisema bado ni Kornelio.

Jumapili Bhoke alifika na kichanga mgongoni. Alinisalimu, hakuniangalia. Nilijua amekutana na Kornelio. Mwantumu akafungua bendeji. Katikati ya nyama nyekundu palikuwa na vidoa vyeupe vya ngozi mpya, vidogo kama punje za ulezi, na kifuani vilikuwa vimeanza kuungana. Kwapa lilikuwa bado bichi.

Bhoke alitazama muda mrefu. Kisha akaona bendeji yangu, ilivyokauka ikagandamana na kidonda, na nzi waliotua juu yake. Aliomba maji ya vuguvugu, akapiga magoti, akaliosha paja langu polepole. Alipomaliza alimfungua mtoto mgongoni akanipa.

"Mpe jina, mama. Nimewakatalia wengine kumpa. Ni wa nyumba yako."

Nilimwita Waitara. Daktari alikuwa amesema huenda mkono wa dada yake usinyooke wote, na homa ilikuwa haijashuka. Nilimpakata mvulana kwenye paja lililo zima, nikaendelea kumpepea Agustina.