Irabu Moja Ndefu

Mwaka mmoja baada ya Malkia Dalrae kumshinda Mfalme wa Majivu katika bonde la Haemaru na kumtupa chini ya Jiwe Jeusi, moshi ulianza kutoka tena. Ulipenya kwenye ufa ulio ubavuni mwa jiwe, ukapita chini ya mlango wa Ukumbi wa Unabii, ukateremka hadi mtaa wa wafinyanzi. Aliyeuvuta alipoteza kivuli chake kabla ya jioni, na siku ya tatu hakuamka. Kufikia siku iliyo fupi kuliko zote katika mwaka, watu mia mbili na kumi walikuwa wamelala namna hiyo. Kila nyumba hupaka mlango uji wa maharage mekundu siku hiyo ili kuwazuia pepo. Safari hii walipaka mara mbili.

Dawa yake ilijulikana. Ilichongwa kwenye jiwe lenyewe, nami niliwafundisha watoto wa ikulu kuikariri kwa miaka arobaini: *Siku iliyo fupi, nun ikianguka juu ya Jiwe Jeusi, mlango wa chini utafungwa, na malkia atauona mwisho wa giza.* Nun ni jicho. Malkia watano, mmoja baada ya mwingine, walikwisha kutoa kila mmoja jicho lake moja juu ya jiwe lile. Wa tano alikuwa dada yangu Okbun, ambaye hadi leo ni Malkia Mkuu, na ambaye huufunika upande wa kushoto wa uso wake kwa hariri nyeusi. Wa sita angekuwa Dalrae, mjukuu wangu, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na saba.

Asubuhi hiyo nilimkuta ameketi kwenye sakafu iliyopashwa moto kwa chini, bakuli la uji mbele yake, hajaligusa. Beodeul, kapteni wa walinzi wake, aliyepigana bega kwa bega naye huko Haemaru, alikuwa akila kwa niaba ya wote wawili.

"Kula, Malkia," alisema Beodeul. "Halafu fikiria upande wa faida. Mpiga upinde lazima afumbe jicho moja. Wewe utakuwa umeshafumba."

"Na wewe utakuwa upande gani wangu?"

"Upande usioona. Ili usinione nikimaliza chakula chako."

Dalrae alicheka. Akanigeukia.

"Babu, nilipokuwa na miaka saba ulinichapa mashavu ya miguu. Unakumbuka kwa nini?"

"Kwa kukariri vibaya," nilimjibu. Sikupata kumchapa mtoto bila sababu, na sababu huwa sizisahau.

"Nilikosea wapi?"

"Uliivuta irabu. Ulisema *nuun*. Ulimwiga yaya wako, nawe ulikuwa mtoto wa ikulu, si wa milimani."

"Hiyo nuun, Babu, ikivutwa hivyo, huko milimani ni kitu gani?"

Nilifungua kinywa kama mwalimu aulizwaye jambo jepesi. "Theluji," nikasema.

Sisi wa bondeni tulikwisha kuyafanya maneno hayo mawili kuwa moja, na herufi za jiweni hazionyeshi urefu wa irabu. Lakini malkia aliyelichonga jiwe lile alikuwa mtu wa milimani. Nililijua hilo. Nilikuwa nikilifundisha kila mwaka, ukurasa mmoja tu kabla ya unabii.

Beodeul aliweka kijiko chini. "Mzee, unataka kuniambia kwamba watu wamekuwa wakitobolewa macho kwa sababu ya matamshi?"

"Nyamaza, Beodeul," alisema Dalrae. "Babu, utayasema haya mbele ya Bibi?"

Kuyasema kulikuwa ni kulitia doa jina langu lote. Nikavaa kofia yangu, nikawatangulia.

Nje theluji ilikuwa ikianguka tangu alfajiri. Mlangoni mwa Ukumbi wa Unabii wafagizi walisimama na vifagio vyao vya manyoya, kama ilivyo desturi, wakimpangusa kila aingiaye kichwa, mabega na viatu, ili Jiwe Jeusi lisilowe. Walinipangusa mimi, wakampangusa Malkia. Beodeul aliwapita, kwa maana tangu zamani aligombana nao na kusema kwamba yeye si zulia.

Dada yangu alikuwa amesimama kando ya jiwe. Mbele yake palikuwa na kisu juu ya kitambaa cheupe. Moshi ulimfika magotini.

"Mmechelewa," alisema. "Jua la leo ni fupi. Piga magoti, mwanangu. Inauma zaidi kidogo tu kuliko unavyofikiri."

"Malkia Mkuu," nilisema, "nimewafundisha watu uongo kwa miaka arobaini." Nikamweleza yote, nimesimama wima, mbele ya mawaziri na wafagizi.

Okbun alinisikiliza bila kupepesa lile jicho moja. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo, mdogo wangu, unaniambia jicho langu lilikwenda bure."

Jibu lilitoka chini, ndani ya ufa, sauti kavu kama majivu yanayochotwa.

"Halikwenda bure. Ninalo. Ninayo matano, na matano hayana jozi. Lete la sita, binti."

Waziri mmoja alianguka. Dalrae hakurudi nyuma.

"Kule Haemaru," alisema, "kila tulikojificha Mfalme wa Majivu alikuwa amefika. Tulidhani tuna msaliti. Bibi, alikuwa akituona kwa macho ya nani?"

Dada yangu aliigusa hariri iliyo usoni mwake, akauondoa mkono kama aliyeungua. "Lakini mlango ulifungwa," alisema. "Kwangu mimi ulifungwa. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Ulifungwa kwako peke yako. Kwa wale wanne haukufungwa. Moshi ulijichokea wenyewe, baada ya watu kwisha." Dalrae alisogea karibu naye, akapunguza sauti. "Bibi, siku ile nani alikupangusa mlangoni?"

Okbun aliangalia mlangoni. "Hapakuwa na mtu. Wafagizi walikuwa wamekimbia. Nilikuja mbio, pekupeku, kichwa wazi. Nywele zangu zilikuwa nyeupe kwa theluji." Akainua uso. "Nilipoinama ikaanguka. Ikaanguka juu ya jiwe kabla ya kisu."

"Basi wewe ndiwe uliyeufunga mlango, Bibi. Konzi moja ya theluji yako ilitulinda karibu miaka arobaini."

Beodeul hakungoja amri. Alivua kofia yake ya ngozi, akaikung'uta juu ya jiwe. Zilianguka chembe chache, pengine kumi. Jiwe lilitoa mlio wa chuma chekundu kilichotiwa majini, na moshi ukajikunyata hadi ufani.

"Vua na koti," alisema Dalrae, kisha akasita, akatazama juu. Sote tulitazama juu. Hapo ndipo nilipoliona paa lile, vigae elfu vya kijani, mabibi na mababu wakilitengeneza kizazi baada ya kizazi kwa heshima kuu, nayo theluji yote ya miaka mia tatu ikiteleza juu yake na kumwagika nje. "Hapana. Bomoeni paa."

Mkuu wa wafagizi alipiga magoti. "Malkia, paa hili halijapata kuvuja hata tone."

"Ndilo kosa lake," alisema Dalrae.

Mafundi wa ikulu, walioitwa mbio, walimtazama Malkia Mkuu, kwa kuwa sheria yetu yataka malkia wote wawili wakubali. Dada yangu alikichukua kisu kilichokuwa juu ya kitambaa, akakidondosha ufani.

"Hicho ndicho utakachopata," aliuambia ufa. Akawageukia mafundi. "Nipeni ngazi."

Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Alipanda, Beodeul akiwa nyuma yake, akimsukuma na kumwomba radhi kwa kila kidato. Alikiondoa kigae cha kwanza kwa mikono yake. Watu wa mtaa wa wafinyanzi, waliokuja kushuhudia jicho likitolewa, waliona vigae vikiruka, wakaelewa bila kuhubiriwa. Walipanda kwa kamba, kwa mabega ya wenzao, wakapokezana vigae mkono kwa mkono, na wengine wakaimba ule wimbo wa kupakua tanuri la vyungu. Chini ya ukumbi sauti ile ilitukana, kisha ikasihi, kisha ikaahidi ufalme wa nchi saba.

"Ninao mmoja," alijibu Dalrae, amesimama kando ya jiwe mikono nyuma. "Unanitosha."

Theluji ikaingia. Ilishuka kwa upana wa ukumbi mzima, bila haraka, ikalifunika Jiwe Jeusi hadi likawa jeupe. Ufa ulifumba kama kope. Tukasikia mara tano, mbali sana chini, kitu kama pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

Mawingu yalipasuka, na kabla jua halijazama watoto walikuja mbio kutoka mtaani, wakipiga kelele kwamba waliolala wanaamka na wanadai uji. Kila mtoto alikuwa na kivuli chake juu ya theluji, kirefu na cha samawati.

Nilikata fimbo ya mti wa pea nyuma ya jiko, nikarudi ukumbini. Nilipandisha suruali hadi magotini, nikampa Malkia fimbo, nikamgeuzia mgongo.

"Kariri, Babu," alisema.

Nilikariri, irabu ikiwa ndefu. Akanichapa mara moja, barabara, bila kunionea huruma wala kunionea. Nilipogeuka alikuwa akinitazama kwa macho yote mawili, yamejaa machozi na kicheko.

Nami nilikuwa nimemfundisha vema.