Msumari wa Mwisho wa Fundi Sikio

Mjomba wangu aliitwa Fundi Sikio, na si kwa sababu ya ukubwa wa masikio, ingawa hapo pia Mungu hakumbania. Alikuwa fundi wa kwato. Mafundi wengine wakimvisha farasi kiatu cha chuma hutazama msumari umetokeza wapi. Yeye alikuwa akifumba macho na kusikiliza. Msumari ukipita kwenye ukucha mgumu usio na uhai, nyundo hulia ti, ti, ti. Ukipotea ukaingia kwenye nyama, sauti huzima: dub. Mjomba alijisifu kwamba dub aliwahi kuisikia kwa wenzake tu.

Mimi ni mpwa wake, na mpwa na mjomba ni watani. "Wewe utanitania mpaka kaburini," aliniambia. Nikamjibu atangulie tu, utani utamkuta huko huko.

Basi akatangulia. Farasi mmoja mwekundu mwenye miguu myeupe, tuliyemwita Soksi, alimpiga teke la kifua katikati ya kazi. Tulipomfikia, mjomba alikuwa ameshaondoka, nyundo bado iko mkononi.

Tukamzika. Soksi akabaki zizini, nyuma ya karakana, akichechemea, hagusiki. Mwenye farasi hakutaka hata kumwona. Alituma neno kwamba Ijumaa atakuja na daktari wa mifugo: sindano moja, mambo yaishe.

Na kila alasiri, makaa yakianza kufifia, ile sauti ikaanza.

Mara ya kwanza nilikuwa naupaka mafuta mvukuto wa kupulizia makaa. Ti. Ti. Ti. Kimya kidogo. Dub. Niligeuka. Nyundo ya mjomba ilikuwa imening'inia ukutani, imetulia kama mtu anayesingiziwa.

"Bati hilo, linapoa," mke wa mjomba alisema kutoka jikoni. Yeye ni mkazamjomba wangu, nami nimezoea kumkatia jina: Mkaza.

"Bati gani, Mkaza, linalojua kuhesabu?"

"Bati la nyumba hii lina akili kukushinda. Njoo uchukue chai yako."

Nikacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kule zizini, dub ilipolia, Soksi alikuwa ametetemeka mwili mzima, kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

Ijumaa asubuhi nikamwambia Mkaza kwamba nataka kuutazama ule mguu.

"Umhudumie aliyemuua mjomba wako?"

"Nijue kwa nini. Soksi hakuwa farasi wa mateke. Hata mimi na kelele zangu zote alinivumilia."

"Mnyama hana kwa nini." Alikuwa anasugua sufuria iliyokuwa safi tangu jana. "Leo anaondoka, nami nitapata usingizi."

"Na ile dub?"

"Bati," alisema, lakini polepole, bila kuinua uso.

Nikaivaa ngozi ya mjomba ya kukinga mapaja. Ilinizidi kimo, nilifanana na ndoo iliyofunikwa gunia. Mtu ambaye angecheka hakuwepo. Kigoda chake kilikuwa pale pale zizini, kwani hakuna aliyethubutu kwenda kukichukua. Mjomba alikuwa na neno lake la kuomba mguu: "Lete, baba." Nikafungua mdomo nilitamke.

Sikuwahi. Soksi aligeuza sikio moja kuelekea kigoda kitupu, kisha akainua mguu wa nyuma mwenyewe na kuuweka juu ya kile kigoda, hewani, mahali ambapo mapaja ya mtu yangekuwa. Farasi hawezi kuushikilia mguu hivyo bila kuyumba. Ule haukuyumba hata kidogo. Ulikuwa umelaliwa na uzito wake wote, juu ya kitu.

"Samahani, Mjomba," nikasema. "Sogea kidogo." Mpaka leo sijui kama nilikuwa natania.

Nikaketi, nikapenyeza paja langu chini ya ukwato. Uzito ukanishukia taratibu, kama mtu anayekukabidhi mtoto aliyelala.

Misumari yote ilikuwa imetokeza ncha nje ya ukucha na kukatwa, kazi safi ya fundi. Isipokuwa wa mwisho. Huo kichwa chake kilikuwa kimezama, na ncha haikuonekana popote. Ulikuwa umeelekea ndani. Nikaubana kwa koleo, nikavuta. Usaha mweusi ukafuata, na harufu ya yai viza. Soksi alitoa pumzi ndefu. Hakurusha teke.

Kumbe dub aliipiga Fundi Sikio mwenyewe, na hakuisikia. Siku za mwisho nilikuwa nikimwambia habari za mvua, ananijibu habari za makaa. Nilidhani ananilipizia utani.

Mkaza alikuwa amesimama mlangoni, anautazama msumari.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilikuwa namwita kula kwa kugonga sufuria. Majirani walidhani nina hasira." Akaegemea mwimo wa mlango. "Alinisihi nisiseme. Fundi Sikio asiye na sikio, ataitwa nani?"

"Daktari anakuja, Mkaza."

"Utupe motoni. Jina ndilo alilotuachia. Mwambie huyo bwana lolote, si wewe bingwa wa maneno?"

"Nikiutupa, Soksi anakufa kwa kosa la kuumia."

Alirudi jikoni, nami nikabaki na msumari kiganjani, natafuta neno la kuwaokoa wote wawili. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya kuchekesha.

Walifika alasiri, nami nilikuwa nimeshamleta Soksi karakanani, pamoja na kigoda. Mwenye farasi alisimama mbali, mikono mfukoni. Daktari akaweka mkoba wake juu ya fuawe, lile chuma la kufulia viatu, akatoa sindano. Mkaza naye akatoka jikoni, sufuria mkononi, mwiko mkononi, kana kwamba ameitwa katikati ya upishi. Makaa yalikuwa yanafifia.

"Mshike kichwa," mwenye farasi akaniambia.

Nikafungua mdomo. Ndipo juu ya vichwa vyetu: ti.

Daktari akatazama bati.

Ti. Soksi akainua mguu, akauelekeza kwenye kigoda. Ti. Kisha kile kimya kidogo. Nikaelewa basi kwamba siku zote hizo mjomba hakuwa akipiga ili sisi tusikie. Alikuwa akirudia ili asikie yeye.

Kabla ya dub, Mkaza aliigonga sufuria kwa nguvu zake zote.

Mlio ulizunguka karakana nzima, ukaisha. Hakuna kilichoufuata.

"Mume wangu alikuwa kiziwi," akamwambia mwenye farasi. "Alimpigilia msumari kwenye nyama. Farasi alimwambia, hakusikia." Kisha akaniambia mimi: "Mpe daktari auone."

Daktari akaupokea, akaunusa, akamgeukia Soksi. Sindano ikarudi mkobani. Akaomba maji ya moto na chumvi. Mwenye farasi alitoa mikono mfukoni, akakosa pa kuiweka.

Soksi akaushusha mguu, polepole, mpaka chini.

Mkaza hakuwa akitutazama tena. Alikuwa anatazama kigoda.

"Chakula tayari," akasema, kwa sauti ya chini ya kila siku, ya kumwambia mtu anayesikia.