Nusu Sahani

Kijiko kilikwaruza sufuria jikoni, na nje bado giza. Bibi alijua bila kuinuka kwamba ni bintiye, mwenye mimba ya miezi minane, anakomba ukoko wa wali kwa siri. Akajigeuzia ukutani, akajifanya amelala. Moyo ulimuuma, lakini amri alikuwa ameitoa mwenyewe: nusu sahani, mara mbili kwa siku.

Hakuwa na roho mbaya. Wanawake wa Kisomali aliokimbia nao vita walikuwa wakiambizana kuwa mtoto akinenepa tumboni, hospitali za ugenini humpasua mama. Mdogo wake wa kike alipasuliwa akijifungua njiani, katika nchi ambayo hakuna aliyejua lugha yake wala aliyemweleza kitu. Hakuamka. Bibi akaapa bintiye hataonja kisu.

Asubuhi hiyo walikwenda kliniki. Mkunga, mama mnene mwenye mikono ya taratibu, akapima tumbo kwa utepe, kisha akapima tena. Kupitia mkalimani, mwanamke wa Kisomali kama wao, akauliza binti anakula nini. Binti akamtazama mama yake. Basi bibi akajikaza, akasema yote, akingoja kukaripiwa.

Mkunga hakufoka. Alimwachia bibi kiti chake, yeye akaegemea kitanda. Akaeleza polepole kwamba mtoto hakui vizuri, na kwamba mama mwenye njaa huishiwa nguvu katikati ya uchungu.

“Kumbe mimi ndiye ninayemuumiza,” bibi akasema.

“Ulikuwa unamlinda, mama. Sasa tumlinde sote. Hatapelekwa chumba cha upasuaji kabla hajaelezwa kwa Kisomali, na yeye mwenyewe akakubali.”

Akayaandika hayo juu ya faili kwa wino mwekundu.

Kuanzia siku hiyo sahani zilijaa, hata binti akamtania mama yake kwamba anamnenepesha kama bata wa kuuzwa. Uchungu ulipokuja, walimpeleka hospitali, na ulikwenda vizuri hadi adhuhuri, kisha mapigo ya moyo ya mtoto yakaanza kulegea. Daktari akasema ni lazima kupasua. Lakini alisimama, mikono nyuma, mpaka mkalimani alipomaliza neno la mwisho. Binti akaitikia, kisha akamtazama mama yake.

“Nenda, mwanangu,” bibi akasema. “Safari hii tumeambiwa.”

Mkunga alikuwa amemaliza zamu, lakini alikaa na bibi kwenye benchi, amemshika mkono, mpaka mlango ulipofunguliwa. Mtoto wa kike, analia kwa hasira. Na binti akaamka, akauliza kama kuna chakula.

Siku ya kumi mkunga alifika nyumbani kwao pamoja na mkalimani, akakagua mshono, akampima mtoto, akasema kidonda kimefunga na ziara zake zimekwisha. Bibi alikuwa amepanga shukrani ndefu tangu alfajiri. Zote zikamkimbia. Akabaki kumfungia zipu ya mkoba na kumsindikiza mpaka chini ya ngazi.

“Ziara zilizokwisha ni za kazi,” akasema. “Jumapili uje bila mkoba, mwanangu. Uje tu.”