Geti la Tutamalizia

Aliyelia kuliko wote msibani alikuwa Tutamalizia. Alilia akiwa amesimama, akalia akiwa amekaa, akalia hata alipokuwa akiwaelekeza wenye magari mahali pa kuegesha. Wanaume wawili walimshika huku na huku asianguke, na kila mgeni aliyefika alipelekwa kwanza kwake kumpa pole, kisha akaoneshwa baba wa marehemu, na mwisho kabisa mama. Mama Chiriku alikuwa ameketi chini chumbani, akimsikia kupitia dirishani. Alimjua shemeji yake huyo tangu siku ya kuolewa, na hii ilikuwa kazi ya kwanza kumwona akiifanya mpaka mwisho.

Jina la Tutamalizia hakupewa kwa ubaya. Alikuwa fundi wa kuchomelea, kaka mkubwa wa mume wa Mama Chiriku, mwenye karakana kando ya barabara na pikapu ya kubebea vyuma. Kipaji alikuwa nacho, hakuna aliyebisha. Aliweza kukunja nondo ikawa ua, na watu wakasimama kulitazama. Ila kazi ikishasimama na kupendeza machoni, moyo wake ulikuwa umeshahamia kwenye kazi nyingine. Kitanda alichokutengenezea kiling'aa rangi, lakini ukijigeuza usingizini kinalia. Meza yake ilikuwa na miguu minne, mitatu imechomelewa na mmoja umeguswa tu kwa moto ili ushike kwanza. Ukimuuliza, alikupigapiga begani na kusema, "Tutamalizia." Basi watu nyumbani wakavunjika mbavu. Mama yake alicheka mpaka akafuta machozi, maana kwake hajazaliwa mcheshi mwingine kama mwanawe huyo. Ilifika mahali hata Chiriku mwenyewe, mtoto wa miaka minne aliyeitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, akiambiwa amalize maziwa yake alikuwa anapigapiga kikombe na kujibu hivyo hivyo, kwa sauti nzito ya baba yake mkubwa.

Geti lilikuwa zawadi. Tutamalizia alimtengenezea mama yake, kwenye nyumba kubwa ya familia ambamo wana wote wawili waliishi na wake zao. Lilikuwa geti zito la kusukuma, lenye magurudumu yanayopita juu ya reli. Mwisho wa reli ya namna hiyo hukaa kipande cha chuma kilichochomelewa sawasawa ili geti likifika pale likome. Mafundi hukiita stopa. Kikitoka hicho, geti linapitiliza, linaiacha nguzo inayolishikilia, na baada ya hapo hakuna kitu kinachoweza kulizuia. Tutamalizia aliishikiza stopa hiyo kwa nukta mbili za moto, kwa sababu siku hiyo wageni walikuwa wanakuja na yeye alitaka kulizindua geti. Ndiyo, alilizindua. Alitoa hotuba, akalipaka maneno matamu kuliko rangi yenyewe, akalisukuma mara mbili mbele ya makofi, na vifaa vya kuchomelea vikarudi karakana jioni ile ile.

Mlinzi wa pale, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona stopa inacheza. Akaweka jiwe kubwa nyuma yake. Tutamalizia alipoliona jiwe alilipiga teke, akauliza ni nani aliyemwekea uchafu kwenye geti lake. Mlinzi, ambaye hakuajiriwa kugombana na wenye nyumba, alikwenda barazani kwa Mama Chiriku, alikokuwa ameweka cherehani yake, akamweleza taratibu kwamba chuma kile hakijachomelewa, kimegusishwa tu. Mama Chiriku aliuchukua ujumbe huo mpaka mezani siku ya mapumziko, familia nzima ikila. Shemeji yake alimjibu kama alivyowajibu watu wote maisha yake yote.

Alasiri ya siku ya ajali Tutamalizia alifika na pikapu imejaa mabomba, akapiga honi kama mtu anayefukuzwa. Alikuwa na njaa. Mlinzi akaharakisha, akasukuma. Chiriku akatoka barazani mbio kumlaki baba yake mkubwa, kama alivyofanya kila siku. Geti lilifika mwisho wa reli na halikukoma. Mlinzi alitupa mgongo wake chini ya geti lile akaliinua kidogo, na bega lake halikupona tena, lakini mtoto alikuwa ameshamalizika.

Polisi walikuja, wakauliza ni nani aliyekuwa amelishika geti. Familia nzima ikaonesha upande mmoja, na mzee wa kofia ya sufu akapandishwa kwenye gari. Akashtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Ukitaka kujua jinsi watu wenye heshima zao wanavyofanya jambo la aibu, ndivyo hivyo: hawakupanga, hawakunong'onezana, kila mmoja alinyoosha kidole chake kwa kujitegemea na vyote vikaangukia kwa mtu mmoja asiye na ndugu pale.

Ndani ya nyumba sasa likaanza kutumika neno bahati mbaya. Mama mkwe alilisema kwa wageni, wageni wakalirudisha kwake, likazunguka sebuleni likipokewa kama mgeni wa heshima. Mama Chiriku alilichukia. Bahati mbaya ni neno linalowafaa sana wenye makosa, kwa sababu halina kaka wala karakana, na haliwezi kuitwa shaurini. Halafu watu hao hao, pumzi ile ile, wakasema Mlinzi lazima afungwe. Hakuna aliyeona ajabu kwamba mtu anafungwa kwa bahati mbaya.

Siku chache kabla ya kesi waliitana sebuleni. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake, Tutamalizia pembeni yake na mkewe, na Baba Chiriku akakaa karibu na mlango akiangalia vidole vyake vya miguu. Alikuwa muuza matairi, mtu wa maneno machache hata siku za furaha, na tangu mazishi hata hayo machache yalikuwa yamekauka. Tutamalizia alieleza kwamba amezungumza na mwanasheria anayemfahamu. Mwanasheria huyo kazi yake hasa ilikuwa mikataba ya viwanja, lakini alikuwa na koti, na kwa Tutamalizia hilo lilitosha. Kesi ilikuwa nyepesi, akasema. Mama wa mtoto aeleze tu kwamba Mlinzi alikuwa na tabia ya kulisukuma geti kwa nguvu. Kisha akaanza kumfundisha namna ya kusema, wapi apunguze sauti na wapi atulie kidogo afute machozi. Alifundisha vizuri. Mama Chiriku alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza jambo moja.

"Shemeji, stopa ile uliichomelea?"

Tutamalizia akatazama dari. Akasema chuma ni chuma, hata kichomelewe vipi kinachoka, na kwamba yeye mwenyewe moyo wake umekatika kuliko anavyoweza kueleza, na kwamba si vizuri wakati wa msiba kuulizana mambo ya ufundi. Mkewe akamshika goti. Mama mkwe akavuta pumzi, akazungumza kwa upole, na upole wake ulikuwa mzito kuliko ukali.

"Mwanangu, mtoto harudi. Ukimtoa na huyu, nitakuwa nimezika wawili. Yule mzee hana mtu wa kumlilia. Huyu ana watoto wanaokuita mama mdogo. Usituvue nguo mbele za watu."

Mama Chiriku aliwaza kwamba kumbe ndivyo walivyopima: nani ana mtu wa kumlilia na nani hana. Chiriku alikuwa na watu tele wa kumlilia, na bado hakuna hata mmoja aliyetaka kusema kilichomuua. Chumbani alimgeukia mumewe, akamwambia waziwazi kwamba hatasema uongo, na akitaka kumzuia amzuie sasa. Mumewe alikaa kitandani, akasema yule ni kaka yake, ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufa, ndiye aliyemlipia shule. Mkewe akamwambia anayajua yote hayo. Mumewe akavuta shuka, akalala na kumpa mgongo, na kwa mtu yule hilo lilikuwa jibu. Mama Chiriku alijua kwamba akisimama mahakamani na kusema ukweli, huenda asiwe na nyumba ya kurudi.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, chenye feni iliyogoma na mabenchi yanayoteleza. Familia ilijipanga benchi la mbele kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Tutamalizia alivaa koti la kijivu. Mlinzi alikuwa kizimbani bila kofia yake, mkono mmoja ukining'inia, na Mama Chiriku alishangaa kuona kwamba kichwa chake kilikuwa cheupe kiasi kile.

Aliapishwa. Mwendesha mashtaka, kijana aliyeonekana ana kesi nyingine tatu za kuwahi, akamuuliza kwa haraka iwapo ni kweli mshtakiwa alilisukuma geti kwa nguvu mpaka stopa ikatoka.

"Alilisukuma kama anavyolisukuma kila siku," alisema Mama Chiriku. "Stopa ilitoka kwa sababu haikuchomelewa. Ilishikizwa tu. Mimi ni mshonaji, mheshimiwa. Nguo iliyoshikizwa simpi mteja akatoka nayo mlangoni."

Benchini mtu akakohoa. Mwendesha mashtaka akapekua makaratasi yake kama mtu aliyepewa shahidi wa kesi nyingine. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani mizito, akamwambia kijana akae, akaendelea kuuliza mwenyewe. Nani aliyetengeneza geti? Mama Chiriku akamwonesha shemeji yake, yule wa koti la kijivu. Alilisema hilo kwa sauti safi, bila kutetemeka, na ndani yake akasikia kitu kinachofanana na raha. Siku zote hizo alikuwa amemdharau mtu huyu kimyakimya, na sasa dharau imepata mahali pa kutua. Alidhani hapo ndipo mwisho wa ushahidi wake. Alikuwa ameshaanza kujiandaa kushuka.

"Fundi alijulishwa kwamba stopa imelegea?" aliuliza hakimu.

"Alijulishwa. Mlinzi aliniambia mimi, nami nikamwambia yeye mezani, mbele ya familia yote."

"Akajibu nini?"

"Alisema, tutamalizia."

Nyuma kabisa mtu asiyehusika akacheka puani. Hakimu aliandika. Kisha akainua macho, si kwa ukali, bali kama mtu anayetaka tu kuijaza nafasi iliyobaki.

"Na ninyi wengine mliokuwa mezani, mlisema nini?"

Swali hilo hakuna aliyemfundisha. Hata yeye mwenyewe, usiku wote aliokesha akipanga maneno, hakulipitia. Aliwatazama watu wa benchi la mbele mmoja mmoja. Mama mkwe alikuwa amekaza midomo. Mumewe alikuwa akiangalia sakafu. Mama Chiriku alitafuta ile dharau yake aliyokuja nayo, iliyokuwa inamtosha kabisa mtu mmoja, akaona imeongezeka na kuwaenea wote, mpaka pale aliposimama yeye.

"Tulicheka," alisema.

"Mlicheka?"

"Mama mkwe alicheka, mume wangu alicheka, mke wa fundi alicheka. Mimi niliyepeleka ujumbe nilicheka kuliko wote. Alivyolisema lilichekesha, mheshimiwa. Kwetu lilikuwa linachekesha siku zote."

"Hakuna aliyerudi kwenye habari ya geti?"

"Hakuna. Mwanangu alirudia lile neno kwa sauti ya baba yake mkubwa, tukampigia makofi. Alipoona tumefurahi, akasema tena."

Hakimu aliacha kuandika. Mama mkwe akamnong'oneza mwanawe mdogo jambo, pengine kwamba aseme mkewe amechanganyikiwa kwa uchungu, na watu wangemwelewa, maana mama aliyefiwa hukubaliwa aonekane hana akili sawa.

Baba Chiriku akasimama. Hakuwa ameitwa, na askari wa mlangoni alipiga hatua moja kumwendea.

"Ni kweli, mheshimiwa," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Nilimbeba begani, nikamwambia aseme tena na tena."

Askari alimwambia akae, lakini hakukaa.