Mgonjwa wa Mia Mbili na Kumi na Nne

Asubuhi nilikuwa nimelikalia sanduku ili lifungike. Kesho mama anaanza likizo, ya kwanza kwa miaka miwili, tunakwenda kwa bibi. Simu ikalia. Karani wa hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, anakofanya kazi mama.

"Njoo mwanangu, una mwandiko mzuri. Ripoti ya mwaka isipokuwa tayari kufikia kesho alfajiri, mama yako haendi popote."

Kule wodini kilichoingia hakitoki, hata karatasi. Kwa hiyo mama, ambaye ni muuguzi, anasimama ndani na kubandika daftari la wagonjwa kwenye kioo, ukurasa baada ya ukurasa. Mimi niko nje nanakili. Barakoa, miwani, glavu; nilimjua kwa alivyoshika kiuno.

Tukajumlisha, mimi na karani aliyesimama kando yangu. Waliolazwa mwaka mzima, mia mbili na kumi na wanne. Walioruhusiwa, mia mbili na wanane. Waliofariki watatu, Mungu awarehemu. Waliomo vitandani, wawili.

"Mia mbili na kumi na watatu," karani akasema. "Mmoja yuko wapi?"

"Hesabuni tena!" mama akapaza sauti nyuma ya kioo.

Tukahesabu mara tatu.

Karani akamgeukia mama. "Dada, umepoteza mtu mzima? Hapa hata kipimajoto kikipotea tunaandikiana barua!"

Mimi mbele za watu sisemi. Darasani nikijua jibu nainua kidole nusu, mwalimu anadhani najikuna. Lakini kwenye mwezi wa tatu, kitanda cha saba, niliona jina ninaloliandika kila muhula kwenye fomu za shule, pale pa mzazi. Sehemu ya kuruhusiwa ilikuwa tupu. Nikagonga kioo, nikaonyesha.

Mama akaligeuza daftari, akasoma.

"Si nilipona! Siku ileile watu walikuwa pungufu, nikavaa sare, nikaingia zamu."

Karani alicheka mpaka akashika ukuta. "Miezi tisa mgonjwa wetu anatandikia wenzake vitanda! Na mgonjwa haendi likizo, dada yangu."

"Nikitoka humu utanijua!"

"Utatokaje, na hujaruhusiwa?"

Anayesaini ni daktari mkuu tu, na alikuwa mkutanoni mji mwingine. Wanamwita Baadaye, maana ndilo jibu lake kwa kila kitu. Simu ya mama haiingii wodini. Karani naye akarudi nyuma. "Mimi ana hasira nami tangu juzi. Andika wewe, mtoto hakaripiwi."

Nikachukua simu. Niliandika na kufuta mara tano. Mwishowe nikatuma:

"Shikamoo daktari. Mimi ni mtoto wa kitanda cha saba. Naomba umruhusu mama, alishapona tangu mwezi wa tatu. Basi letu linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Samahani kwa usumbufu."

Saa moja jioni alama mbili za ujumbe zikageuka bluu: ameusoma. Sasa tuko nyumbani, mama anapangua vikombe vya kabatini na kuvipanga palepale. Mpaka naandika haya, daktari hajajibu.