Fundo la Nira

Kila asubuhi, baada ya uji wa ulezi, Enos hupita kitanda hadi kitanda katika makao ya wazee ya Kigera, mkononi ana beseni la vitambaa vilivyochanwa kutoka mashuka makuukuu. Humfunga kila mzee kitandani mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha kiuno, naye Petronila, msimamizi wa makao, huandika saa kwenye fomu. Wazee ni tisa, wafanyakazi ni wawili, na mzee aliyefungwa haanguki. Hoja hiyo haijapata mpinzani, labda kwa kuwa wapinzani wote wamefungwa.

Bibi Mbuke, mjane wa mzee Magesa wa Butiama, alianguka mara moja tu, mwezi wa pili, akienda chooni. Tangu siku hiyo anapelekwa chooni saa nne na saa tisa, awe na haja asiwe nayo.

Masika yalipokolea, vitambaa viliisha na Petronila akaleta kamba za katani. Sasa, Enos ni mtu wa Kabasa, mtu mzima mwenye wajukuu, na kabla ya kazi hii alilima kwa ng'ombe miaka ishirini. Ukimpa kitambaa atafunga kama muuguzi, ukimpa kamba atafunga kama mkulima. Jumatatu moja alimfunga Bibi Mbuke fundo la nira, lile la kumfungia ng'ombe wa kuvuta plau, wala hakujua kama amekosea.

Muda si mrefu simu ya makao ililia. Alikuwa Burito, mjukuu wa bibi, akipiga kutoka Butiama. Mkewe Euphrasia alikuwa amejifungua mtoto wa kike, sasa ana siku tisa, na tangu jana mtoto analia tu, titi hataki. Zahanati hawakuona ugonjwa. Katika ukoo wao mtoto wa namna hiyo anadai jina lake, na jina hutajwa na mwanamke mkubwa kuliko wote wa nyumba ile, mtoto akiwa amelazwa kifuani pake. Walikuwa wamejaribu wenyewe majina ya Sabina, Dorah na Matrida. Walijaribu hata kumwekea mtoto simu sikioni ili bibi ataje akiwa kitandani, mtoto akailia simu.

Jina bibi alilijua. Akaomba ruhusa. Petronila si mtu mbaya. Alimweleza polepole kwamba mkazi aliyewahi kuanguka hatoki bila barua ya daktari, na daktari anakuja Alhamisi.

"Mtoto asiyenyonya hafiki Alhamisi," bibi alisema.

Petronila akasema anaelewa sana. Alielewa kweli, ila kuelewa kwake hakukufungua kitu.

Bibi Mbuke akayatazama mafundo mikononi mwake kwa muda, halafu akamwita Enos.

"Mwanangu, kwenu mlilimaga na ng'ombe?"

"Tulilimaga, bibi. Wanne."

"Na hili fundo mlilifungaga wapi?"

Enos akaliangalia vizuri. "Kwenye nira."

"Basi fungua mlango."

Enos alifungua, kwa kuwa ng'ombe akishafungwa nira hazuiwi zizini. Bibi akashusha miguu, akainamisha shingo, akavuta. Kitanda cha chuma kikamfuata. Mlangoni kilikaa kiubavu, kama kilivyoingizwa siku kilipoletwa, kikapita. Petronila alifikiri akaona mkazi bado amefungwa kwenye kitanda chake, kwa hiyo hakuna utaratibu uliovunjwa. Alimwagiza Enos aende naye, maana mkazi aliyefungwa haachwi peke yake.

Miguu ya kitanda ilipasua lami, nyuma yake ukabaki mfuo wenye udongo mweusi, laini. Walipofika Bweri wanawake wa sokoni waliuona. Udongo uliofunguliwa mvua ikiwepo hauachwi hivi hivi, kwa hiyo walichukua mahindi na maharage wakafuata wakidondosha na kufukia kwa nyayo. Pale Makutano, trafiki aliwasimamisha, akauliza kwa nini mzigo hauna kitambaa chekundu nyuma. Enos akafunga kimoja. Trafiki akawaambia washike kushoto, nao wakashika kushoto.

Enos alipiga mluzi wa kulimia. Mgongo wa bibi, uliokuwa umejikunja tangu mwezi wa pili, ulinyooka kabla ya kona ya Butiama. Alikuwa na furaha, furaha ya mtu anayevuta kitu kizito na kitu kizito kinakuja.

Saa kumi na moja jioni aliingia uani kwa mjukuu wake. Euphrasia alitoka na mtoto, ambaye sauti yake ilikuwa imebaki kidogo kama ya paka. Mikono ya bibi haikuweza kuinuka, basi wakamlaza mtoto kifuani pake.

"Huyu ni Nyamburi," alisema.

Nyamburi alikuwa mama mkwe wake. Uzeeni alianza kutangatanga, na mwanawe mwenyewe, marehemu Magesa, akamfunga kwenye nguzo ya ghala mpaka alipokufa.

"Miaka miwili nilimpelekeaga ugali pale," bibi akasema. "Sikumfunga mimi. Lakini sikumfungua."

Mtoto alinyamaza. Enos akasogea, akafungua fundo la kushoto, la kulia, na la kiunoni. Bibi Mbuke akamshika Nyamburi kwa mikono yake miwili, akamrudisha kwa mama yake, na mtoto akalidaka titi. Vigelegele vilipigwa mpaka majirani wakaja bila kuitwa, na bibi akacheza, akaanguka, akainuka, akacheza tena.

Asubuhi Burito aliazima pikapu. Alimshukuru bibi yake kwa machozi, akamweleza kwamba nyumbani hapana wa kumwangalia: yeye yuko na ng'ombe kutwa, Euphrasia ana shamba na mtoto, na wote walimwona jana akianguka. Maneno hayo bibi aliwahi kuyasikia kwa marehemu mumewe, karibu yote. Akapanda pikapu. Kitanda kilipakiwa nyuma yake.

Kigera wazee wenzake walimpokea kwa nyimbo, wakiwa vitandani, kwa kuwa hawakuweza kupiga makofi. Kikao cha makao kilijadili suala lile kwa uzito na kikaamua kuwa kuanzia sasa kamba zifungwe fundo la kigingi, lile la kumfungia ng'ombe anayetakiwa abaki alipo. Enos alilijua hilo pia. Alilifunga vizuri, bila kumtazama bibi usoni.

Mwezi wa saba watu walivuna mahindi katikati ya barabara, kila mtu mbele ya kwake, na magari yakapita pembeni.

Siku ya mavuno Petronila alisimama kando ya kitanda, akamuuliza Bibi Mbuke kama kamba inamuumiza.

"Nyamburi ananyonya," bibi alisema, akicheka.

Petronila akafurahi naye, akahamia kitanda cha pili.